Moyo Wako Unaendeleaje?

Jumatano, 16 Julai 2025

Mathews anaota jino. Hajalala, sijalala. Macho yangu yamevimba kama ya mtu aliyepigwa.

Nilichukua simu ya mume wangu, Baba Nabu, nitafute tochi – tochi tu, Mungu ni shahidi – meseji ikaingia. Sasa naijua kwa kichwa: "Habari Griffin. Moyo wako unaendeleaje? Nakungoja Jumanne asubuhi. Usikule kitu kabla ya kuja. Sheryl."

Moyo wake! Nimemfulia huyu mtu tangu tuoane, sijawahi kumwuliza moyo wake unaendeleaje. Nilidhani unaendelea.

Na hiyo ya kutokula. Kwani chai yangu imekuwa sumu? Ni kwamba huko atapikiwa.

Nimerudisha simu pale pale, kioo chini, vile alikuwa ameiweka.

Jumamosi, 19 Julai

Ukianza kumwangalia mtu, unaona. Ameacha mashati. Yale ya vifungo, niliyompigia pasi mwenyewe, yako kwa sanduku. Siku hizi ni fulana tu, hizi za vijana, anaenda nazo hadi kazini, na ni dereva wa gari la shule! Anabeba watoto wa watu, Nabu wetu akiwa mmoja wao.

Na anakula ugali na mkono wa kushoto. Mama yake angekuwa hapa angempiga na mwiko. Nimemwuliza, anasema wa kulia umeteguka akibadilisha tairi. Tairi gani? Tena anaongea polepole, anachagua neno kama mtu anayekumbuka uongo wa jana asije akauchanganya.

Nimemwambia rafiki yangu Agneta pale anapokaangia samaki. Hata hakugeuka. "Min Nabu," akaniita Mama Nabu kwa Kijaluo, "mwanaume akianza kuvaa kama kijana, kuna msichana anamvalia."

Nilicheka. Nimefika nyumbani nikalia kidogo, nikaosha vyombo.

Jumanne, 22 Julai

Alikataa chai. Nilimimina mbele yake, maziwa mengi, akasema tumbo limejaa. Akapeleka watoto shule, halafu akapotea hadi saa ya kuwarudisha.

Jioni amerudi na sweta. Joto hili la Otonglo, sweta! Tuko mezani nikasikia vrrrr. Chini ya sweta. Simu yake iko kwa meza, naiona. Basi hiyo ni simu gani nyingine?

Na kila ikilia ananyamaza. Anautuliza mkono kwa meza, hapumui vizuri, anangoja iishe. Nabu akamwuliza, "Baba, nini inalia kwa mwili yako?" Akasema ni njaa. Nabu akaamini. Ana miaka sita, ana haki ya kuamini.

Amelala kwa kiti huko sebuleni na sweta yake. Ati asimwamshe mtoto.

Alhamisi, 7 Agosti

Shule zimefungwa. Gari la shule limeegeshwa hapa kwa ploti.

Leo huyo mwanamke amenipigia MIMI. Namba nisiyoijua, sauti tamu ya mtu aliyezoea simu. "Mama, hujambo? Naongea na mtu wa karibu wa Griffin?"

Mtu wa karibu! Nikamwambia, "Ndiyo, ni mimi wa karibu. Na wewe ndiye wa mbali?"

Akasema simu ya Griffin haishiki, na namba yangu ndiyo aliyoandikisha. Nimkumbushe tu Jumanne. Anaitwa Sheryl.

Nikamwuliza ni mambo ya nini. "Hiyo aseme mwenyewe, Mama. Mimi siruhusiwi."

Haruhusiwi! Kwa hivyo wamekubaliana. Mathews alikuwa anavuta nywele zangu na sikusikia uchungu.

Sikumwambia Griffin. Nione kama atasahau.

Jumanne, 12 Agosti

Wacha niandike nikiwa bado nayaona.

Hakusahau. Alisema anaenda Bondo kutafuta spea ya gari. Hakunywa chai. Alipotoka tu nilimwacha Nabu kwa jirani, nikamfunga Mathews mgongoni, nikampitia Agneta, akafunika karai lake akavua pete. "Ukichapa mtu na pete unajiumiza." Tukapanda boda moja, tukamfuata.

Alishuka matatu Kisian, hapa karibu tu. Agneta akanipigia kelele kwa sikio: "Ero, ona! Bondo imehamia Kisian!"

Hakuingia kwa nyumba ya mtu. Aliingia uani kwa zahanati, kuna chumba cha mabati ya buluu huko nyuma. Tukamfuata, Agneta mbele. "Sheryl ni nani hapa?"

Mama mmoja akainuka. Mnene, ndala za plastiki, koti jeupe limevuja wino mfukoni, macho yamechoka kuliko yangu. Anatosha kuwa shangazi yangu. "Ni mimi. Mmeleta mgonjwa?"

Agneta, aliyekuwa mbele, akarudi nyuma yangu. Hiyo sijawahi kuona.

Ndipo nikaona benchi. Wazee, akina mama. Mmoja mdomo umevutwa kando. Mwingine mguu unabaki nyuma kama si wake. Na katikati yao Griffin wangu na fulana yake ya kijana, anafinya mpira kwa mkono wa kulia. Mpira haukubonyea.

"Mama Nabu," akasema. Polepole. Na hapo nikaelewa hakuwa anachagua uongo – ni neno lenyewe lilikuwa zito kutoka.

Stroke, kiharusi. Mwezi wa tano. Ile safari aliyoniambia ni matanga huko Bondo, hakukuwa na matanga. Alianguka huko, akalazwa huko, akarudi akanyamaza. Mimi nilimwuliza ni nani amekufa. Akasema rafiki. Karibu iwe ni yeye.

Sheryl alimwuliza kwanza kama naweza kuambiwa. Akaitikia kwa kichwa. Moyo wake unapiga ovyo ovyo, damu ikaganda humo, kipande kikapanda kichwani. Ana dawa. Ile vrrrr ilikuwa mashine ya kupima presha, anafungwa nayo mkononi kutwa nzima. Kutokula ni kwa sababu ya damu wanayopima. Sheryl ni mtu wa utafiti; wanafuatilia watu wa huku waliopata stroke na wa shida ya moyo: nani anapona, nani anarudi kazini, nani inamrudia.

"Inarudia wengi?" nikauliza.

"Hiyo ndio tunatafuta kujua, Mama."

Jibu hilo sikulipenda.

Akampa shati la majaribio afunge vifungo. Kifungo kimoja. Tulingoja. Agneta akageuka akaangalia ukuta. Na mimi nilidhani fulana ni za msichana!

Kisha maswali. Anaoga mwenyewe? Ndiyo. Ngazi anapanda? Ndiyo. "Ulikuwa dereva. Umerudi barabarani?"

"Hapana," Griffin akasema. Hilo halikuwa zito. Lilitoka haraka. "Siku hizi nalima sukuma wiki."

Shamba letu ni gunia moja nyuma ya choo.

Sheryl akanigeukia. "Mama, ni hivyo?"

Griffin aliniangalia. Mathews alianza kulia, nikajifanya namtuliza. Nikasema, "Anapenda mboga sana."

Akaandika.

Jumatano, 13 Agosti

Agneta amekuja na mikia miwili ya samaki, mbuta, ya bure, ndiyo namna yake ya kuomba radhi. Lakini bado anamshuku Sheryl, ni vile tu sasa anashuku utafiti wake. "Hao wanawahesabu kama kuku, nyathina, mwanangu. Mtu hahesabu kuku kwa sababu anawapenda."

Nikamwambia kuku wakihesabiwa angalau mtu anajua yupi hajarudi.

Lakini nimelifikiria. Watatupigia hadi lini? Wananijua jina, wanajua kama mume wangu anafunga kifungo. Na siku nisiposhika simu wataandika nini?

Halafu najiuliza – nawashuku wao wa nini? Wao ndio walioambiwa uongo. Na mimi nilikuwa hapo.

Ijumaa, 22 Agosti

Ameosha gari. Jumatatu shule zinafunguliwa.

Nimemkanda mkono na maji moto. Vidole vinafunguka, vinarudi, kama vya Mathews akilala. Nimekibusu kile kidogo. Hakuna aliyeona.

Kisha nikamwuliza, "Gia unabadilisha na mkono gani?"

"Na kushoto. Kama kila mtu."

"Na hapo stering inashikwa na nani?"

"Na hii ya kulia. Inasaidia."

"Hii haikufinya mpira, Baba Nabu."

"Basi inashikwa na Mungu."

"Mungu hana leseni."

Tulicheka sote wawili, kweli. Kisha hakuna aliyecheka. Nikamwambia amwambie mwenye shule ampe kazi ya kukaa mlangoni, kupokea watoto, hadi mkono urudi. Akauchomoa mkono wake kutoka kwa wangu. "Nikisema stroke, yule dereva Wechuli atakalia kiti yangu siku hiyo hiyo. Mtakula nini? Mtakula Sheryl?"

Najua bei ya unga kama yeye.

Lakini namwona Nabu nyuma ya dereva. Kile ndicho kiti anachokipenda. Anasema hapo anamwona baba kwa kioo.

Jumapili, 24 Agosti

Kanisani hakushika kitabu, mimi ndiye nilimshikia. Tukiwa njiani nimemwuliza kama amemeza dawa. Ndiyo. Nimeenda kuangalia pakiti. Hakumeza.

Sasa hata ndiyo yake naihesabu.

Jumatatu, 25 Agosti

Niko jikoni. Komeo nimetia.

Nabu amevaa sare, anaruka ruka hapo nje. Baba yake anatafuta ufunguo wa gari. Ametafuta kwa meza, chini ya godoro, kwa mifuko yote. Uko hapa. Umefungwa kwa pindo la leso, mgongoni na Mathews.

Mama mmoja amempigia, watoto wako stegi na baridi, wanangoja gari. Namsikia akimwambia niko njiani. Niko njiani! Hajafunga hata kiatu.

Nimemtumia Sheryl meseji. "Kuna kitu sikusema siku ile. Nipigie." Sijui yeye anaweza nini. Pengine atafuta sukuma wiki tu na kuandika dereva. Lakini nimechoka kuwa mtu wa karibu anayenyamaza.

Amegonga. "Mama Nabu, umeona ufunguo?"

Nimekaza fundo la leso. Nikisema hapana, itafanana na ndiyo yake.

Nabu: "Mama, tutachelewa!"

Chelewa, mtoto wangu.

Simu inalia vrrrr kwa mapaja. Namba naijua sasa. Nje hatua zimesimama – ameisikia.

"Mama Nabu," anasema kwa ufa wa mlango, polepole, kila neno peke yake. "Ni nani huyo anakupigia?"