Mpunga wa Koko Kwenye Njia Mpya

Jumatatu, 9 Mei
Uji, nywele, viatu. Zaina kachelewa tena. Nimemshika mkono mpaka shule, mdogo wake mgongoni, malori yakitupita karibu yatuvue kanga. Barabara hii ya Belobaka haina pembeni pa kupita. Lami, kisha mtaro, basi.
Naandika Kiswahili alichonifunza babu kwetu kisiwani Nosy Be. Humu nyumbani hakisomi mtu mwingine. Vizuri. Nitasema nitakalo.

Alhamisi, 12 Mei
Mtoto wa jirani kagongwa na teksi. Mguu. Yu hai, alhamdulillahi.
Saidi karudi na baiskeli yake kutoka soko la Mahabibo, hakula. Kasema Zaina apelekwe kwa mama yangu Nosy Be, asome huko, shule iko nyuma ya nyumba. Mume wangu anaogopa, najua. Lakini mtoto ana miaka saba! Nani atamsuka? Sitaki. Sitaki kabisa.

Jumanne, 24 Mei
Mashine zimekuja. Serikali inajenga njia ya miguu na baiskeli upande wetu, kutoka hapa mpaka mlango wa shule. Nimeuliza mara mbili, nisije nikafurahi bure. Saidi kakubali: ikiisha, Zaina atabaki.
Nimewapelekea mafundi maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali. Wakacheka, wakanywa yote. Wanywe tu. Wajenge haraka.

Jumatano, 15 Juni
Mafundi hawaji. Eti saruji. Nalala, naamka, nachungulia. Rundo la kokoto na kuku juu yake. Saidi haulizi kitu.

Jumatatu, 4 Julai
Imeisha! Pana, laini, imeinuka juu ya lami. Zaina kaenda peke yake. Nimesimama mlangoni mpaka mkoba wake ukawa kama tone. Nimelia. Mjinga mimi.

Jumatatu, 11 Julai
Siwezi kukaa. Niandike.
Jana mpunga wa Koko, mama yake Saidi, umeletwa kutoka shamba. Leo alfajiri kautandaza kwenye jamvi, kwenye njia mpya, upana wote. Pasafi, jua tele, nani angeacha? Zaina kafika, kasimama. Mpunga haurukwi, haukanyagwi. Koko mwenyewe kamfunza tangu anatambaa. Basi mtoto mwenye adabu kashuka barabarani kuuzunguka. Teksi ya abiria ikapiga honi, ikapita na upepo wake. Nimeona yote kutoka mlangoni.

Jumanne, 12 Julai
Saidi kasikia kwa majirani. “Jumamosi kuna gari la upande wa Nosy Be. Funga nguo zake.” Nimefunga. Kikapu kimejaa, gauni la Idi juu.
Nina hasira na Koko, na haya pia. Mkwe ni mkwe. Na mpunga ule ndio tutakaokula sote.

Alhamisi, 14 Julai
Nimesema. Nimepiga magoti kando ya jamvi, nikajifanya nachagua mawe.
“Koko, nisamehe. Mpunga wako unamshusha Zaina barabarani.”
“Si aruke?”
“Wewe ndiye uliyemfunza asiruke.”
Mkono wake ukabaki ndani ya mpunga. Kisha: “Huyu kashika. Baba yake nilimfunza hayo hayo, akawa anaruka kama mbuzi.” Sijui kama kakasirika.

Ijumaa, 15 Julai
Asubuhi nimekuta njia tupu. Jamvi limehamia ukingoni mwa lami, mawe kwenye pembe. Koko juu ya kigoda kwenye njia, fimbo ya kuku mkononi. Lori likaja kwa kasi, likauona mpunga, likapunguza, likapita mbali. Na lililofuata vilevile. Hapa hakuna dereva wa kukanyaga mpunga.
“Mtoto hawamwoni,” Koko kasema. “Mpunga wanauona.”
Saidi alikuwa ameshika baiskeli, anatazama. Zaina akapita upande wa ndani wa njia, nyuma ya kigoda cha nyanya yake, taratibu, mkoba ukimgonga mgongo. Saidi akamfuata kwa baiskeli mpaka shule. Akarudi, hakutaja gari.
Jioni nimetoa nguo kikapuni. Gauni la Idi limeshika mikunjo. Nimelitundika.