Kioo Kipya cha Saa ya Baba

Jumapili, usiku

Kumbe Deus, mdogo wangu, aliipeleka saa ya marehemu baba Dar, kwa msanii anayechora ndani ya saa za bei mbaya. Ile ya Uswisi, aliyoachiwa baba na padri enzi za ukatekista wake. Leo kairudisha hapa Chanji. Baba kachorwa ndani, anacheka, mishale inampita usoni.

Msanii ana mkono, sikatai. Majirani wamesifia mno. Mama kaitazama, akasema, "Nzuri, ila baba yenu hakuwa na meno meupe hivyo." Tukacheka.

Kilichoniuma ni kingine. Kioo cha zamani kimetupwa. Baba alipiga matuta na saa mkononi, udongo ukakichubua mpaka kikawa kama kina ukungu. Ndiyo maana jioni, shambani Mollo, alikuwa akiniita, "Mwanangu, hebu njoo unisomee saa." Naushika mkono wake wenye vumbi, naugeuzia juani.

Nilijifunzia saa pale.

"Dada, sasa hata gizani inasomeka," Deus kajisifu.

Nimezima taa nijaribu. Kweli, rangi inang'aa, inasomeka. Baba anacheka tu, wala hana haja ya kuniita.