Nyota Inayomchezea Mama Mkwe

Mpendwa mshauri,

Kabla hujasoma mstari wa pili nakuomba ufunge mlango, na kama kuna mtu anayechungulia begani kwako mwambie hili ni tangazo la mbolea. Naomba msaada, na naomba kila neno nililoandika hapa likae kati yako na mimi, usitaje mtaa wa Cibitoke, wala darubini, wala jina la Mama Spéciose, kwa maana akijua kwamba nimemwandikia mtu wa gazeti habari zake, sitamwoa binti yake hata nikizaliwa mara ya pili.

Mimi ni karani katika ofisi moja hapa Bujumbura, nimesoma, siibi, sinywi zaidi ya chupa moja. Wazazi wangu walivuka kutoka Bukavu wakati wa vita, nami nilimalizia shule huku, na padri mmoja Mbelgiji aliyetufundisha fizikia aliporudi kwao aliniachia darubini yake, bomba refu lenye miguu mitatu. Nyuma ya nyumba ninayopanga kwa Mama Odette nimejijengea kibanda ambacho paa lake la bati linasukumwa kando jua likishazama, nami naingia humo kutazama nyota. Si dhambi, nilimuuliza padri mwingine.

Taabu yangu ilianzia chini, sakafuni. Udongo mtupu wakati wa kiangazi ulikuwa unarusha vumbi kwenye vioo kila nikisogeza mguu, basi nikaanza kutafuta cha kutandika, nikajaribu kipande cha balatum, lile zulia la plastiki, kama ile iliyoko sebuleni kwa shefu wangu, mkubwa wa ofisi, lakini ilimeta kwenye mwanga wa taa na umande ulipoishukia niliteleza nikiwa nimesimama tu, nikatazama mikeka ya Buyenzi, mizuri, haing'ai, ila vumbi linapita katikati yake kama maji kwenye chujio, nikafikiria saruji, nayo ni baridi na kioo kikikuponyoka juu yake umekizika. Mwishowe niliamua kuweka saruji na mkeka juu yake, na kosa langu ni kwamba niliusema uamuzi huo kwa sauti, mezani, kwa wakwe zangu.

Mama Spéciose, mama wa mchumba wangu Consolate, aliweka kijiko chini akasema mkwe wake hatasimama juu ya saruji kama mfungwa wakati yeye ana kaka seremala. Wiki iliyofuata kaka yake, Mzee Mugisho, alifika na mbao za muvula, akazipigilia juu ya boriti kutoka ukuta hadi ukuta, kibanda kizima kikanukia msitu. Nilijua kwamba darubini haitakiwi kusimama juu ya mbao. Padri alitufundisha. Lakini wewe unajua, zawadi ya mama mkwe haikaguliwi mbele yake, basi nilipokea kwa mikono miwili, nikaisimamisha darubini juu ya mbao zile zile.

Jioni ya kwanza nilimwonyesha Jupiter. Kwa macho matupu ni nyota moja kali, lakini ndani ya darubini ni duara lenye nuru, na pembeni mwake vinuru vinne vimejipanga mstari. Mama Spéciose aliinama akaweka jicho, na kwa kuwa ni mwimbaji wa kwaya akaanza kuguna wimbo wa kanisa, taratibu, huku akihama mguu huu kwenda mguu ule, na Jupiter ikaanza kucheza.

"Inanisalimia," alisema, bila kutoa jicho. "Ile ni mi na batoto bangu bane."

Watoto wanne anao kweli, Consolate ndiye wa kwanza. Mimi nilijua palepale kwamba ni mbao zinazobonyea, na boriti zinapeleka mtikisiko kwenye miguu ya darubini, na darubini inaukuza kama inavyokuza kila kitu. Nilifungua mdomo niseme. Lakini mkwe ataanzaje, mshauri? Neno lenyewe sitaliandika hata kwako, kwa sababu mkwe hataji mwili wa mama mkwe, niseme tu kwamba Mungu alipokuwa anamgawia Mama Spéciose hakutumia kijiko. Basi nikasema, "Ndiyo, Mama." Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Habari zilitembea. Walikuja akina mama wa kwaya, nao karibu wote waliguna wimbo wakiangalia, na nyota ikawachezea, huyu sana, huyu kidogo, na Mama Spéciose alisimama mlangoni akipokea wageni kama mwenye harusi. Kisha akaja Mama Odette, mwenye nyumba wangu, mwanamke mwembamba asiye na makuu, akaweka mikono nyuma, akazuia pumzi asije akaharibu kitu cha watu, akasimama kama korongo. Jupiter ikatulia kama msumari uliopigiliwa.

"Kwangu haichezi," alisema.

"Inachezaka tu kwa mutu mwenye roho safi," Mama Spéciose alimjibu kwa upole, kama anayemwambia kwamba chakula kiko tayari.

Unawajua watu wa mtaa wetu. Kesho yake bombani walikuwa wanamuuliza Odette amefanya nini hata mbingu zimesikia, na mmoja alimwomba amrudishie beseni lake lililopotea tangu Pasaka. Mume wake ameanza kumtazama kwa pembe ya jicho. Juzi nilipotoka kazini nilimkuta Odette mlangoni kwangu.

"Mi sikukula kitu ya mutu," alisema. "Jumamosi utaita bote, na utaniambia mbele yabo juu ya nini nyota yako inanikatala. Ukinyamaza, we tafuta nyumba ingine, na mi naenda kwa mukubwa wa mtaa."

Nilikimbilia kwa Consolate nikamweleza yote, nikidhani atanihurumia. Alicheka kwanza, mpaka akashika ukuta, halafu akaacha kucheka.

"Ukimwambia mama ile neno, ndoa imeisha, nitaenda na mama," alisema. "Na ukiacha Odette atukanwe bure, mi nitaolewa na mwanaume gani? Fikiri. Si we ndiye ulisoma?"

Tangu hapo silali. Nimefikiria kuweka mablanketi chini ya miguu ya darubini, nikajaribu, Jupiter ikacheza zaidi. Nimefikiria kusema mchwa wamekula mbao, lakini Mzee Mugisho angetaka kuwaona hao mchwa. Nimefikiria kuhamia Carama, ambako sijulikani, na kuanza maisha bila nyota. Swali langu, mshauri, ni dogo tu: nitandike nini kwenye sakafu ili Odette asafishwe, mama mkwe asiguswe, na mimi nimuoe Consolate?

Jibu usilitume ofisini, shefu hufungua barua zote. Nyumbani pia usilete, barua zinapokelewa na Odette. Mpe Idi, fundi wa baiskeli kule Buyenzi, umwambie ni ya mtu wa mnyororo, naye hatauliza. Nitapita mchana. Mimi ni mwembamba, nina miwani, na nikiona mtu ananitazama huwa navuka barabara, kwa hiyo ukiniona tafadhali usinitazame.

JIBU

Mwanangu wa mnyororo,

Jibu hili limepita kwanza kwa fundi wako, na gazetini litatoka Jumamosi yako ikishapita. Majina yote nimebadilisha, na mtaa pia. Darubini tu imenishinda. Nilijaribu kuiita redio, barua ikakosa maana.

Nakuhurumia kidogo. Kumkatalia mama mkwe mbao alizokuletea kwa moyo si kazi ya kila mtu, na hata mimi na ukali wangu ningezipokea. Lakini huruma yangu inaishia hapo. Wewe umejivika heshima, na mwanamke mwingine anadaiwa beseni bombani. Ulijua ukweli jioni ile ile. Ulimwona Odette akitoka mlangoni na aibu isiyo yake, nawe nadhani ukabaki unapanguza vioo. Adabu inayolipwa na jirani si adabu, ni woga uliopigwa pasi.

Sasa soma barua yako mwenyewe, wewe uliyesoma. Umeandika kwamba Mama Spéciose aliguna wimbo akihama mguu huu kwenda mguu ule, na akina mama wa kwaya vivyo hivyo. Umeandika kwamba Odette alizuia pumzi akasimama kama korongo. Wewe hapo umeona mwili. Mimi nimeona wimbo. Nyumba yangu ina sakafu ya mbao pia, na nina binti mwembamba kama fimbo ya ufagio. Akiruka kamba chumbani, chai yangu inamwagika sebuleni. Dada yangu, ambaye Mungu naye hakumpimia kwa kijiko, akikaa kitini hata kijiko hakilii. Anayetikisa mbao ni yule anayehama, awe wa ukubwa wowote. Kwa hiyo neno hilo unaloogopa kulisema, ambalo limekunyima usingizi, hakuna mtu anayelihitaji. Litupe.

Hunisadiki? Leo jioni mwite Consolate, yeye aweke jicho, wewe uyumbe hapo kando kwa hiyo mifupa yako. Jupiter itacheza mpaka aone haya.

Umeuliza sakafu, nikujibu sakafu. Mbao zibaki. Zimeua vumbi, na kioo kikianguka juu yake kuna tumaini. Utatoboa matundu matatu, kila mguu wa darubini upite bila kugusa ubao, utue chini kwenye jiwe lililokazwa kwa saruji ardhini. Nafasi ya kidole izunguke kila mguu. Juu ya mbao utandike mkeka wako wa Buyenzi, wenye rangi ya giza, uliokatwa vizuri pale penye matundu. Balatum umpelekee shefu. Na kazi ya kutoboa umwombe Mzee Mugisho mwenyewe, umweleze sababu. Seremala hachukii kuambiwa ubao unabonyea, anachukia kuyasikia kwanza kwa watu wengine.

Lakini msumeno usiguse ubao hata mmoja kabla ya Jumamosi. Jumamosi unaihitaji sakafu hiyo mbovu kuliko ulivyowahi kuhitaji nzuri.

Waite wote, kama Odette alivyodai. Sema hivi, na useme wewe, si Consolate: "Padri alinifundisha nisiweke darubini juu ya mbao, nami nikaiweka. Kosa ni langu. Si la mbao, si la mtu." Kisha umwombe Mama Odette radhi kwa jina lake, kwa sauti ile ile, mume wake akisikia. Mama Spéciose usimkaripie, mkwe hakaripii. Ila usimwokoe pia. Amesema neno zito juu ya roho ya jirani, na ni yeye atakayelitua. Atanuna? Huenda akanuna. Mwonyeshe basi kwamba wale watoto wanne wa Jupiter kila jioni wamehama, huyu mbele, huyu nyuma, hata siku wasipoimbiwa na mtu. Mpe kazi ya kuwaeleza wageni nani yuko wapi. Mama wa watoto wanne hawezi kuikataa kazi hiyo, na safari hii kila atakachosema kitakuwa kweli.

Ila hayo ni baadaye. Kwanza Odette. Mwombe Mama Spéciose aanzishe wimbo akiwa nje, mbali na mbao, na kwaya imwitikie huko huko. Mwambie Odette aweke jicho, asizuie pumzi. Wewe vua miwani usiwaone wanaokutazama, simama kando yake juu ya mbao hizo, mbele ya mama mkwe, mbele ya mtaa mzima, na cheza.