Dimbwi la Kiangazi

Jumapili, 4 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na masikio hayajazidi kukusumbua. Mimi sijambo, ila vidole vimechomwachomwa na sindano. Wiki nzima tumeshona ovaroli za kiwanda cha chuma, mia tatu na ushee, zote za bluu, mpaka nikifumba macho naona bluu.

Nina habari: nimenunua kamera! Ni ya mtumba, mkanda umekatika, lakini lenzi yake ni nzima. Kila Jumapili natoka na wenzangu wanne wa chama chetu cha picha, tunazunguka mtoni kupiga picha magati, makreni na mabohari yenye kutu. Watu wanatushangaa, eti mnapiga picha moshi? Fundi saa, ndiye kiongozi wetu, huwajibu, "Maua yana wapigaji wengi tayari."

Nakutumia tatu. Ya kwanza ni daraja la reli. Ya pili ni Mama Chumvi, mwenye nyumba wangu, aliyekataa kucheka kwa sababu ya pengo. Ya tatu ndiyo kipenzi changu: dimbwi dogo nyuma ya nyumba yetu, chini ya ukuta wa kuzuia mto, na mabomba ya moshi ya kiwanda yamesimama kichwa chini ndani yake. Fundi saa anasema itaingia kwenye maonyesho.

Nijibu upesi, usiniweke kama mara ile.

Mpwa wako,
Kijicho


Jumanne, 13 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima kwa kadiri ya umri. Masikio ndiyo yameshaniaga. Jirani hugonga mlango mpaka akachoka. Kwa hiyo simu kwangu ni kazi bure, wewe andika tu.

Hongera kwa kamera. Tangu utotoni ulikuwa wa kuchungulia kila tundu, ndipo nikakupa jina hilo, na marehemu mama yako akanigombeza kwamba nakuita wivu. Mwenye nyumba wako anaonekana kama anasubiri kung'olewa jino.

Sasa ile ya dimbwi. Nimeitazama kwa miwani, kisha nikaazima kioo cha kukuzia cha mwalimu. Agosti ni kiangazi. Hayo maji yametoka wapi? Kando yake naona kama kichuguu kidogo cha mchanga chenye tundu katikati. Nenda ukaangalie. Maji yanachemka kwenye lile tundu, au yametulia? Ni maangavu, au yana rangi ya mto? Piga tena kutoka hapohapo, na uweke kikombe kando nijue ukubwa.

Usimsumbue mtu. Ni udadisi wa kizee tu.

Mjomba wako


Jumapili, 25 Agosti

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Wajomba wa wenzangu wanaomba watumiwe mashati, wa kwangu anataka mchanga! Haya, picha hizo hapo. Vichuguu sasa ni vitatu, na kikubwa kimekizidi kikombe. Maji yanabubujika polepole kama sufuria inayoanza kupata moto, na rangi ni ya mto kabisa. Mama Chumvi amefurahi. Anafulia hapo, anasema Mungu amemkumbuka, maana foleni ya bombani imemchosha.

Nilipokuwa nimechuchumaa, mlinzi wa kiwanda aliniita kutoka juu ya ukuta. "We dada, nani kakutuma kupiga picha huko?"

"Mjomba wangu."

Akacheka. Lakini aliandika jina langu kwenye daftari, na jina la mtaa.

Nitapiga hapohapo kila Jumapili. Fundi saa anasema zikipangwa mstari zitapendeza.

Mpwa wako,
Kijicho


Jumatatu, 2 Septemba

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Hama hapo. Una rafiki mshonaji anayekaa kule mlimani, nenda kwake, hata kama mtalala wanne chumba kimoja. Usisubiri mwisho wa mwezi. Na usiniulize kwa nini.

Mjomba wako


Jumapili, 8 Septemba

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenitia baridi. Hukuuliza hata hali yangu.

Kuhama naweza, nina sanduku moja, godoro na cherehani. Lakini huu mtaa una nyumba arobaini na moja. Nikimwambia Mama Chumvi, "Toka, mjomba wangu kasema," si atanipeleka hospitali? Ameishi hapa tangu ukuta haujamaliza kukauka.

Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza, sasa unaniziba mdomo. Unajua nini kuhusu ukuta huu?

Sihami mpaka unijibu.

Mpwa wako,
Kijicho


Jumapili, 29 Septemba

Mwanangu,

Barua hii nimeianza mara nne nikaichana.

Ukuta huo nimeujenga mimi. Wote siwezi kusema, lakini hiyo kona ya nyuma ya kiwanda, mita mia mbili, msimamizi nilikuwa mimi. Imepita miaka kumi na tisa; wewe ulikuwa darasa la pili. Chini ya ukuta zilitakiwa nguzo za chuma zilizobanana, zimeshindiliwa ardhini mita tisa, ili mto usipenye chini. Pale kwenye kona ziligoma mita tano. Kulikuwa na mwamba. Mashine inapiga, chuma kinajikunja kama karatasi. Injinia mkuu akaja, akatazama saa yake.

"Kateni vichwa," akasema. "Nani atachimba kupima?"

Nikamwambia, "Mzee, huu mto tunaujua."

"Na sherehe ya ufunguzi ni mwezi ujao. Wewe tia saini."

Tukakata kwa gesi vichwa vilivyobaki juu mpaka vyote vikalingana. Mimi nikaandika kwenye fomu: mita tisa. Nilitia saini siku kumi na moja mfululizo. Injinia alishakufa. Tuliobaki ni mimi na fomu.

Maji maangavu yasingenitisha. Yenye rangi yanabeba udongo, maana yake mto unakula mchanga chini ya ukuta. Mvua zikija, hautapasuka kwa kishindo. Utakaa chini kama mtu aliyechoka, na mto utapita juu yake.

Hama. Na wenzako waambie. Namna ya kuwaambia sijui.

Mjomba wako


Jumapili, 20 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo. Sikutaka kuiandika hiyo shikamoo, ila mkono umezoea.

Barua yako ninayo wiki mbili sasa. Nimehamia mlimani. Mama Chumvi nilimwambia ukuta unavuja, akasema hata yeye anavuja na bado amesimama.

Maonyesho yalifunguliwa jana, ukumbi wa maktaba. Nilizitundika zote kwa mpangilio wa tarehe, dimbwi lilelile, Jumapili baada ya Jumapili. Watu walianza kwa kusifu mabomba ya moshi yaliyo kichwa chini. Wakifika ya tano wanarudi kuitazama ya kwanza. Ya mwisho haina mabomba ya moshi tena, ni matope yanayochemka tu.

Afisa wa ofisi ya mto alikuja. Nikamvuta shati, nikamwonyesha.

"Picha nzuri, dada. Lakini dimbwi ni dimbwi. Kumbukumbu zetu zinasema nguzo zimeingia mita tisa, na fomu zina saini ya kila siku."

Mjomba, barua yako ilikuwa kwenye mkoba, kwapani mwangu. Niliubana mpaka mkono ukafa ganzi. Nikamwuliza, je, akitokea aliyejenga akasema si kweli?

"Aje, au alete maandishi yake. Bila hivyo nahamishaje mtaa mzima? Kwa picha?"

Nilipotoka, yule mlinzi wa kiwanda alikuwa ng'ambo ya barabara, amesimama tu, ananitazama.

Nakuomba uje. Kama huwezi, niruhusu niwape barua yako. Wewe ndiye uliyenilea. Sitaki kukupeleka jela bila kukuuliza.

Mpwa wako


Jumapili, 3 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Hujambo huko? Wiki mbili kimya. Yule wa dirishani posta ananitikisia kichwa kabla sijafungua mdomo.

Mvua imeanza. Vichuguu ni kumi na kimoja. Leo sikupata pa kusimama nipige picha. Ardhi inatikisika kama godoro.

Niandikie, hata neno moja.

Mpwa wako


Jumanne, 12 Novemba

Mwanangu,

Wape.

Nilikuwa mwoga. Barua yako ililala chini ya mto wa kitanda, na mimi juu yake. Niliogopa jela, lakini zaidi niliogopa watu wa hapa watakavyonitazama nikienda kununua mkate. Hilo ndilo lililonifunga mdomo, jambo dogo kiasi hicho.

Leo asubuhi mto umeingia uani kwangu, na haujawahi. Maji haya yatafika kwenu kesho. Nimekwenda stendi nije mwenyewe, wanasema barabara imekatika. Barua hii nimemkabidhi dereva wa lori anayezunguka kwa njia ya juu.

Wape ile, wape na hii. Wakisema si mimi, walinganishe saini na ya kwenye fomu. Haijabadilika.

Mjomba wako


Jumapili, 17 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini maji yamekutoka uani na u mzima. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua yako ilifika Ijumaa. Ukuta ulikaa chini Jumatano, saa kumi alasiri.

Sikuwa nimekungoja. Tarehe nane niliipeleka barua yako ofisini. Afisa aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Jumatatu yalikuja malori na vipaza sauti. Wengi walihama, wengine wakicheka. Mama Chumvi nilimbeba na makorokoro yake mpaka shule ya mlimani, akinitukana njia nzima.

Jumatano, baada ya chakula cha mchana, akaniambia, "Nimesahau hati ya nyumba yangu. Nakwenda na kurudi." Nikamwambia asubiri nimsindikize. Nilikuwa dirishani, kamera usoni, mto umefika ukingoni. Nilipogeuka hakuwepo.

Nilikimbia mpaka nusu ya mteremko. Ukuta ulikaa kama ulivyosema, bila kishindo. Kilichopiga kelele ni mabati ya nyumba. Yeye tulimpata juzi, nyuma ya bohari la tatu, bahasha iko ndani ya gauni.

Watu wananishika mkono, wanasema picha zangu zimewaokoa. Hawajui kwamba maneno yako nilikaa nayo kwenye mkoba zaidi ya mwezi. Ningeyatoa mapema, malori yangekuja mapema, na hati angekuwa ameshaifuata zamani. Wewe ulinyamaza miaka kumi na tisa, mimi wiki tano. Sijui tofauti yetu iko wapi.

Watakuja kukuchukua. Wameniuliza unakoishi, nimewaambia. Ukiona vema unisamehe.

Mpwa wako,
Kijicho


Jumatatu, 25 Novemba

Kijicho, mwanangu,

Marahaba. Wamefika asubuhi hii, watatu. Nimewaomba nikujibu kwanza, na askari mwanamke amenipa kalamu yake. Wameniuliza kama nakana. Nimesema nileteeni fomu niwaonyeshe siku nilizodanganya, zote kumi na moja. Nililala vizuri jana, sijui kwa nini.

Umeuliza tofauti yetu. Mimi nilinyamaza nijiokoe. Wewe ulinyamaza uniokoe mimi, tena ukaniuliza, nami sikukujibu. Kwa hiyo hizo wiki tano si zako. Ziongeze kwenye miaka yangu.

Na yule mama ni mzigo wangu. Kesho nitalitaja jina lake mbele yao. Wewe usimbebe, una kazi, una macho, na una umri wa kwenda mbali na huo mto.

Askari anasema nichukue sweta, huko kuna baridi. Nimemwambia sisikii, basi ameifuata mwenyewe ndani, na sasa amesimama mbele yangu ameishika, ananingoja nimalize.

Mjomba wako