Kioo cha Koridoni

Jumatatu, 9 Februari

Orodha ya wanaowania Tuzo imebandikwa leo kwenye dirisha langu la tiketi. Meneja kaipaka gundi kama anayeziba ufa, na bado imekaa upande. Juu filamu bora, kisha waigizaji, kisha muziki. Chini kabisa, ambako macho ya watu hayafiki, Mavazi Bora. Majina matano. La tatu ni la Dada!

Nimelisoma mara nne. Tumelala kitanda kimoja miaka kumi na moja, na leo nakata tiketi chini ya jina lake.

Filamu yake ni "Koti la Hakimu". Ipo Ukumbi wa Pili tangu tarehe tatu. Nguo zote kazishona yeye, kuanzia joho la hakimu mpaka tambara la mfagiaji wa mahakama.

Chapuchapu, muuza bisi wetu (jina la kejeli tu, mtu huyu hajapata kuharakisha jambo), kaja kuegemea dirisha. Akauliza: Nabii (ndivyo anavyoniita, maana kila mwaka natabiri washindi), mwaka huu nani? Nikamwambia sijamaliza kuhesabu. Akasema basi dunia itavuta subira.

Naandika tena kanuni, nisije nikajidanganya kwa sababu ya undugu. Filamu ikiisha nafungua mlango wa ukumbi na kusimama hapo. Hatua kumi na mbili mbele, koridoni, kipo kioo kirefu. Nahesabu wanaosimama kujitazama. Wanaopita wakitupa jicho tu hawahesabiwi. Filamu yenye mavazi ya kweli humtoa mtu akijiona amevaa ovyo. Wangapi katika kila watu mia? Yenye namba kubwa hushinda Mavazi. Miaka sita, sita sahihi. Waigizaji nimekosea mara nne katika sita, kwa hiyo sina cha kujivunia huko.

Kwa nini kioo kijue mambo ambayo majaji wanayafungia kwenye bahasha? Sijui. Ndiyo maana nahesabu.

Jumatano, 11 Februari

Namba mpaka leo. "Daraja la Chumvi": 17. "Wapwa Wanne": 14. Mbili nyingine hazifiki kumi. Zote nne zilishapita hapa mwaka jana.

"Koti la Hakimu": 41.

Nimerudia hesabu. 41. Kubwa kuliko zote katika miaka sita ni 22.

Je, watu wanajua ni dada yangu? Nimewauliza watazamaji watatu, kwa mzunguko. Hakuna anayejua hata kama nina dada. Basi ni nguo.

Jumapili, 15 Februari

Dada kaja chumbani kwangu mchana. Hakukaa vizuri kabla hajaona kifungo cha sare yangu kinaning'inia. Kaitoa sindano kwenye ukosi wa gauni lake, kama kawaida yake, akaanza kukishona huku anazungumza. Naona siku hizi anaisogeza sindano mbali na uso ndipo atie uzi.

Chuo cha ufundi kinamtaka akaongoze idara ya ushonaji. Kazi ya kudumu. Wanataka jibu la maandishi Ijumaa hii. Tuzo ni Jumapili, siku mbili baadaye! Kawaomba wamsubiri mpaka Jumatatu. Wamesema yuko mwingine anayesubiri nje ya mlango.

Tangu "Koti la Hakimu" hakuna mtengenezaji filamu aliyempigia simu. Mwaka na miezi minne. Akishinda, simu zitalia. Asiposhinda, anasema, atakuwa fundi wa zamani aliyewahi kushona joho. Chuoni atafundisha pindo mpaka astaafu. Pindo ni kazi ya heshima, kasema, ila si yeye.

Nikaanza maneno yale ya kumtia mtu nguvu. Akakata uzi kwa meno.

"Usinipe moyo, mdogo wangu. Nipe hesabu."

Anajua habari za daftari langu la hesabu. Ndiye pekee ambaye hajawahi kunicheka kwa ajili yake. Nimemwahidi jibu Jumatano.

Kifungo sasa hakitoki hata kwa tindo.

Jumatano, 18 Februari

Nimefunga hesabu. Watazamaji 612, waliosimama kwenye kioo 239. Ni 39 katika mia.

Nimempigia saa nne asubuhi. Nimemwambia daftari linasema yeye, na halijawahi kusema kwa sauti kubwa hivi. Nikasikia cherehani ikisimama. Kisha akasema haya, ahsante, akakata.

Ijumaa, 20 Februari

Kawaandikia chuo. Kakataa.

Kesho alfajiri anasafiri kwenda kwenye Tuzo. Kaniambia kwa utulivu kabisa, kama mtu aliyehamisha meza kutoka dirishani.

Jumamosi, 21 Februari

Niandike kwa utaratibu.

Saa sita na nusu mchana namkuta Mzee Mitambo, mwonyeshaji filamu wetu, kapanda ngazi koridoni. Balbu ya juu ya kioo imeungua. Nikamshikilia ngazi. Nikamtania kwamba balbu za siku hizi hazina adabu, juzi tu imewekwa. Akasema si juzi, ni tarehe tatu.

Tarehe tatu! Siku ambayo "Koti la Hakimu" ilianza.

Nikamuuliza kabla ya hapo ilikuwepo ipi. Akacheka. Kabla ya hapo ilikuwepo ile ndogo, unaona uso wako kama unachungulia kisimani. Siku ile Dada alikuwa anakuja kuitazama kazi yake kwa mara ya kwanza na watu, na mzee anamjua tangu akiwa mtoto wa kutumwa sindano. Mzee akaona aibu Dada ajitazame gizani kama mwizi. Akachukua balbu kubwa ya akiba kutoka chumba cha mitambo.

"Nilisema siku hiyo tu," kasema. "Baadaye nikaona watu wamependeza, nikaiacha."

Nimepita chini ya balbu hiyo siku kumi na nane. Nimehesabu watu 612 wakimulikwa nayo. Nikaandika umri, jinsia, hata mvua. Taa sikuandika. Filamu nne zimepimwa gizani na ya dada yangu imepimwa kwenye mwanga, na mimi nikaita hiyo hesabu.

Nilimwomba asiweke nyingine mpaka onyesho la saa nane liishe. Akaniangalia usoni, akakunja ngazi bila kuuliza.

Onyesho la saa nane. Watazamaji 88. Kioo giza. Waliosimama: 14. Yaani 16 katika mia. Chini ya "Daraja la Chumvi".

Lakini kuna jambo jingine, nami nalo naliandika hapa kwa sababu nimeliona: watu hawakujitazama, ila mikono yao ilikuwa ikienda shingoni. Wanashika kola. Mwanamke mwenye blauzi isiyo na kola kashika mahali ambapo ingekuwepo! Sikuwahesabu tangu mwanzo, nilikuwa nakodolea kioo. Nakisia thelathini, arobaini. Na sina safu ya kola. Je, wamekuwa wakifanya hivi siku zote kumi na nane, mbele ya macho yangu?

Nimempigia Dada saa kumi na moja. Yuko hotelini, anapiga pasi gauni lake mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu. Nimemweleza yote. Balbu, 39, 16. Nikamwambia nimekukosesha chuo.

Nilisikia pasi ikipumua.

Nilitegemea anitukane. Ningelala vizuri zaidi. Badala yake akauliza ile habari ya kola, nirudie. Nikarudia.

"Ya kulia au ya kushoto?"

Nikasema sikuangalia.

Ndipo akaniambia. Joho la hakimu, kola ya kushoto kaiinua juu kidogo kuliko ya kulia. Nusu ya upana wa kidole. Kusudi. Alitaka mtazamaji ahisi kwamba huyu mtu hakukaa sawa tangu tukio la kwanza la filamu, asijue kwa nini. Hakumwambia mwongozaji. Hakumwambia mwigizaji, ambaye alivaa joho lile wiki tisa. Anasema amesoma kila kilichoandikwa kuhusu filamu ile, hakuna mtu hata mmoja aliyeona.

Nikamuuliza habari ya chuo. Akasema chuo kimeshapita, barua ikishatumwa haina pindo la kufumua. Kisha: "Kesho angalia. Kulia au kushoto. Nataka kujua."

Akakata simu. Sikuelewa kama amenisamehe au ameniongezea kazi.

Jumapili, 22 Februari

Onyesho la mwisho la "Koti la Hakimu" lilikuwa saa saba mchana. Nimechora safu mbili mpya. Nimemwambia Mzee Mitambo aache giza vilevile.

Kwanza nilikwenda Ukumbi wa Kwanza, kulikokuwa kunaisha filamu ya mbio za magari, nipate cha kulinganisha. Watu 70. Walioshika kola: wanne. Kushoto wawili, kulia wawili.

Kisha Ukumbi wa Pili. Watu 54. Walioshika kola: 23. Kulia watatu.

Kushoto ishirini!

Nimejizuia. Wengi wetu tunatumia mkono wa kulia, na mkono wa kulia hufika kola ya kushoto kirahisi. Kwa hiyo? Wale wanne wa mbio za magari pia wana mikono ya kulia. Lakini wanne ni wachache mno. Mzee mmoja wa Ukumbi wa Pili alikuwa na fimbo mkono wa kulia, akaihamishia kushoto ili mkono wa kulia uende kwenye kola ya kushoto. Nilimuuliza, kwa heshima, kama kuna kitu shingoni. Akasema hapana, mwanangu, nilihisi tu sijakaa sawa.

Nilimpigia Dada hapo hapo. Simu imezimwa. Simu zote huzimwa mlangoni kwenye Tuzo, alishaniambia.

Nikamwandikia neno moja: Kushoto. Halijafika.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro kumi. Meneja ameruhusu Tuzo zionyeshwe moja kwa moja Ukumbi wa Pili, bure, na viti vimejaa. Nimekaa ngazini, daftari magotini. Chapuchapu yuko pembeni yangu na bisi za kula mwenyewe. Mzee Mitambo katoka chumbani kwake, kasimama nyuma mikono mfukoni.

Waigizaji wameshatangazwa. Nimekosea wote wawili. Chapuchapu kasema unabii umeingia kutu.

Safu ya utabiri: filamu bora nimeandika. Muziki nimeandika. Kisanduku cha Mavazi nimekifuta mara mbili, karatasi imekuwa nyepesi mpaka naona herufi za upande wa pili. 39 si kweli. 16 inalinganishwa na nini? Na 23 katika 54 inajibu swali jingine kabisa, sijui kama majaji waliulizwa hilo. Mara ya kwanza katika miaka saba nimekiacha wazi.

Mavazi Bora. Wanaonyesha vipande vya filamu tano. Cha tatu ni joho. Hakimu anaingia, anakaa, anageuka. Sasa ninaiona. Iko pale, juu kidogo! Nimeitazama filamu hii mara kumi na moja.

Kamera inapita kwa wanaowania. Dada ana gauni jeusi, sindano iko kwenye ukosi — kaenda nayo mpaka kule. Haangalii jukwaani. Anawaangalia watu waliokaa mbele yake, shingo zao, mmoja mmoja. Anatafuta jibu mwenyewe.

Mwenye bahasha anahangaika na gundi. Hata bisi zimenyamaza. Simu yangu bado inaonyesha halijafika.

Chapuchapu kanigusa kiwiko. Ananong'ona: Nabii, mbona umejishika shingoni?

Nimetazama. Kola. Kushoto.