Uliza Jirani, Usiulize Mwenye Sola

Baba Mutheu wangu,

Friji inanguruma jikoni. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeliuliza kabla hata hujaniuliza habari ya afya yangu. Ni mchana, jua la Mwala linachoma kama kawaida yake, na dawa ya mama yako iko ndani, baridi, pale kwenye mlango ambapo watu wengine huweka mayai. Mimi nimekaa kwenye kiti chako. Usinune, mguu uliokuwa unalegea nimeupigilia msumari.

Nataka kukusimulia jinsi nilivyomchagua fundi wa sola. Najua utacheka. Cheka, lakini ukimaliza unisikilize, maana leo nataka kujisifu, na huku nje nikijisifu kidogo tu nitaambiwa mjane ameota pembe.

Unaikumbuka sola yetu ya kwanza? Ulikuwa bado kwenye kiwanda cha nguo cha EPZ kule Athi River, unashona suruali za watu ambao hungewahi kuwaona. Ukaja Krismasi umeikumbatia paneli ndani ya blanketi, na nyuma yako yule fundi wa kofia nyekundu uliyemwokota stendi ya Machakos kwa sababu alikuwa na maneno matamu na shati lililopigwa pasi. Alifunga kila kitu kabla chai haijapoa, akaenda zake. Taa ilipowaka mama yako alipiga vigelegele, majirani wakaja kuimba, na wewe ukasimama katikati ya ua mikono kiunoni, kidevu juu. Ulipendeza siku ile, mume wangu. Sikukuambia, kwa sababu ungevimba kichwa mwezi mzima.

Kisha mambo yakaanza. Taa ikawa nyekundu, ikawa ya kupepesa, ikazima. Ukampigia fundi simu, mteja hapatikani. Ukampigia tena, namba haipo. Na sisi tukafanya nini? Tukaona haya! Watu walioimba uani kwetu wangesema nini? Kwa hiyo kila aliyeuliza ulimjibu bila kupepesa jicho, "Betri inapumzika." Tukarudia koroboi, tunaiwasha nyuma ya pazia. Mgeni akipiga hodi naipuliza haraka na kusema tulikuwa tumeshalala. Saa moja ya jioni! Watu wazima wenye akili timamu wamelala saa moja ya jioni, na moshi umejaa nyumba nzima. Ukishamsindikiza mgeni unarudi umeshika mbavu kwa kucheka, na mimi nakufinya ili usisikike.

Halafu mama yako akapatikana na ugonjwa wa sukari, akaanza sindano, na daktari akasema dawa isikae kwa joto. Joto, kwetu Mwala! Ndipo ulipotengeneza kile chungu chako: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga wa mtoni katikati, unanyunyizia maji asubuhi na jioni. Hata ulipolazwa wewe mwenyewe ulikuwa unaniuliza kama chungu kimenyunyiziwa. Neno la mwisho uliloniambia likaeleweka lilikuwa, "Susu asikose dawa," ukimwita mama yako bibi, kama Mutheu anavyomwita. Nikakuitikia. Wewe ukapumzika, mimi nikabaki na hilo neno.

Nilinyunyizia, Baba Mutheu. Lakini ulikuja ukame ule mbaya, punda wanarudi kutoka mtoni na mitungi mitupu, na siku moja nikachagua maji yaende kwenye sufuria badala ya mchangani. Dawa ikaharibika na hatukujua. Susu alidungwa na hakupata nafuu, akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka, tukamkimbiza hospitali kuu ya Machakos. Nilikaa kwenye benchi pale nje mpaka makalio yakafa ganzi. Aliporudiwa na fahamu niliamua: tutanunua friji, na friji itakuwa na sola ambayo haipumziki.

Niliuza mbuzi na ndengu za msimu, pesa zilizopungua akaongeza Mutheu. Ndugu yako Musyoka akasikia huko Syokimau, akapiga simu siku hiyo hiyo. "Shemeji, usisumbuke. Niko na mtu wangu wa sola. Mtu wa maana, nitamtuma Jumamosi."

Akaja kweli, na gari limechorwa jua ubavuni. Hakuuliza tunataka kuendesha kitu gani. Hakuingia jikoni. Alisimama uani, akaangalia juu, akasema, "Huu mti uanguke kwanza. Unaleta kivuli." Mti gani? Mukau! Ule mukau uliopanda siku tuliyomleta Mutheu nyumbani kutoka hospitalini, ukasema utakuwa mbao za kitanda chake cha ndoa. Nikajikaza, nikamuuliza kwa upole amefunga wapi huku kwetu. Akanitajia boma moja kando ya njia ya Masii.

Hapo ndipo nilipokukumbuka kwa nguvu. Unaikumbuka ile safari ya kutafuta ng'ombe wa kulima, mwaka tuliooana? Mimi nilikuwa nimeshampenda yule fahali mweusi, mwenyewe anamsifu mpaka anatoa jasho. Ukanivuta kando ukaniambia, "Usiulize mwenye ng'ombe. Uliza jirani." Tukapita ua wa pili tukaomba maji ya kunywa. Mama wa pale, kabla hata hatujamaliza kunywa, akatuambia, "Hiyo ng'ombe nyeusi? Jua likipanda inalala kwa mtaro, unailimia wewe." Tulicheka njia yote mpaka nyumbani, na hatukununua.

Basi nikafunga leso, nikaenda njia ya Masii. Mwenye boma akanipokea vizuri. Sola? "Iko sawa kabisa, mama. Haijawahi kutusumbua." Nikashukuru, nikatoka, nikapita ua wa pili nikaomba maji. Palikuwa na mama anapura mbaazi. Nilipotaja sola ya jirani yake alitupa fimbo chini akacheka. "Hao? Simu zao zinachajiwa kwangu!"

Nilitaka kucheka naye, nikashindwa. Nilituona sisi. Nilimwona yule baba amekaa ndani na koroboi yake nyuma ya pazia, anaogopa kusema alitapeliwa. Mtu akiibiwa mbuzi anapiga nduru kijiji kizima kinakuja, lakini akiibiwa na fundi anafunga mlango. Ndiyo maana mafundi wa aina hiyo hawaishiwi na kazi.

Tangu siku hiyo sikuuliza tena mwenye sola. Siku ya mwethya, ile kazi yetu ya pamoja, tulipokuwa tunapakia mawe kwenye bwawa la mchanga, niliwauliza kina mama, "Nani hapa jirani yake ana sola nzuri?" Walinitazama kama nimepigwa na jua. Kisha ndimi zikafunguka! Ya fulani ilikufa kabla ya Pasaka, ya fulani inawasha redio peke yake, na redio yenyewe mpaka mchana. Jina moja tu lilirudi likiwa safi, Ndinda, mama mwenye duka dogo la vifaa vya umeme pale sokoni. Na aliyenimaliza kabisa ni mama mmoja aliyegombana na jirani yake juu ya mpaka wa shamba mpaka kwa chifu. Alikunja uso akasema, "Alifungiwa na Ndinda. Taa zao zinawaka usiku kucha, zinanikera." Adui akikusifu, Baba Mutheu, unatafuta ushahidi gani tena?

Mutheu aliniambia nisiende bila kuuliza leseni ya kufunga sola. Nikaenda dukani nimejitayarisha kwa ugomvi. Ndinda aliitoa chini ya meza, akanisukumia. "Soma, mama. Wateja wangu wengi hawaulizi, na mimi huwashangaa."

Alikuja nyumbani siku ya pili, na kitu cha kwanza alichotaka kuona ni sola iliyokufa. Niliona haya kumwonyesha! Akafungua, akatikisa kichwa. "Hii ni betri ya gari. Ni ya kuwasha injini, haiwezi kukesha." Ile miaka yote tuliilaumu kwa uvivu, kumbe ilikuwa ng'ombe wa maziwa tumemfunga jembe. Akaingia jikoni, akauliza friji ni ya ukubwa gani, ina kazi gani, nani anafungua mlango ovyo. Nikamwambia ni mimi. Akaenda kuangalia mukau, akauzunguka, akaniuliza kivuli kinaanguka wapi asubuhi na wapi jioni. Nilikuwa nimeshikilia leso kwa mikono miwili nikingoja hukumu.

"Mti ubaki," akasema. "Paneli ndiyo itahama, iende paa la ghala."

Jioni Musyoka akapiga simu, amewaka moto. "Unamkataa mtu wangu unachukua mwanamke wa sokoni? Sawa. Lakini dawa ya mama ikiharibika, shemeji, hiyo ni juu yako. Ukoo mzima utajua."

Alisema ukweli, ingekuwa juu yangu. Kabla sijajibu, mama yako akanyoosha mkono kutoka kwenye mkeka wake, akachukua simu. Unaijua sauti yake akiishiwa subira. "Musyoka, hiyo sindano inaingia kwa tumbo yangu ama yako?" Hakumngoja ajibu. "Basi wacha mke wa ndugu yako afanye kazi." Akanirudishia simu na kuniambia niende nikatazame muthokoi, yale mahindi ya kukoboa, isiungue. Hakuniambia neno lingine, lakini nilipokuwa nakoroga ile sufuria nililia kwa furaha, moshi ukasingiziwa.

Ndinda akafunga. Alichukua siku nzima na nyingine akarudi kukaza. Friji ikanguruma. Sikupiga vigelegele, safari hii nilingoja.

Mvua za Novemba zikaja na radi zake. Asubuhi moja naamka, jikoni kimya. Naweka sikio kwenye friji, kimya. Nikamsikia Musyoka masikioni kabisa. Nikampigia Ndinda, na nilipokuwa nabonyeza namba nilikuwa nimeshaisikia ile sauti ya mteja hapatikani.

Akashika! Akauliza taa gani inawaka kwenye kisanduku cha sola, nikamwambia hakuna. "Mto umejaa, mama, leo siwezi kuvuka. Kesho nitakuja hata kwa miguu. Dawa iko na mahali?"

Mahali pa dawa. Nikakimbia nyuma ya ghala nikakitoa chungu chako, nikapangusa buibui, nikatia mchanga, na maji, asante Mungu, safari hii yalikuwa yanatiririka yenyewe kutoka kwenye paa. Dawa ya mama yako ililala kwenye chungu cha mikono yako, na ikalala vizuri. Niliongea nawe siku ile yote. Sijui kama ulisikia, nilikuwa nakugombeza na kukushukuru kwa pamoja.

Kesho yake Ndinda akafika, boda boda imemwacha kwenye matope huko chini, viatu mkononi. Akafungua kisanduku, akamtoa mjusi aliyekuwa ameingia na kufia juu ya waya. Nikangoja anilaumu mimi, au mvua, au mjusi. Akasema, "Hili tundu ningeliziba siku ya kwanza. Nimekosea, mama." Akabadilisha kilichoungua, akaziba, friji ikaanza kunguruma, na malipo akayakataa kwa sababu kazi ilikuwa bado kwenye garantii. Alikunywa chai vikombe viwili akaenda. Hapo ndipo nilipopiga vigelegele, peke yangu, na kuku wakatawanyika.

Sasa nikupe habari yenyewe iliyonifanya nikuandikie. Musyoka anajenga nyumba hapa nyumbani, kule upande wa mtoni. Juzi alikuja kuona msingi, na mimi nilikuwa katikati ya mbaazi zetu za mpakani nachuma, zimenipita kimo, hakuniona. Akasimama kwenye ua wa Mama Kioko, jirani yetu, akaomba maji ya kunywa.

Maji ya kunywa, Baba Mutheu! Huyo ndugu yako mwenye chupa ya maji ndani ya gari! Nikajua mara moja ni wewe uliyemfunza, kama ulivyonifunza mimi. Nikaacha kuchuma, nikabana pumzi.

Akanywa, akakohoa, akauliza kama anapita tu, "Hii sola ya shemeji yangu, inafanya kazi kweli?"

Mama Kioko akapokea kikombe kwanza. "Ndugu yako alipokuwa hai," akasema, "walituambia betri inapumzika. Mimi nilinyamaza tu, lakini koroboi yao ilikuwa inanuka mpaka kwa kitanda yangu." Nikafunika uso na leso pale kwenye mbaazi. Alijua! Miaka yote ile tunapuliza taa na kufinyana, alijua.

"Na siku hizi?" Musyoka akauliza.

"Siku hizi hainuki. Na mama yako ananenepa. Kaulize shemeji yako hapo nyumbani akuonyeshe fundi."

Anakuja Jumapili baada ya misa. Nitachinja jogoo, nitampa namba ya Ndinda, na sitamwambia nilikuwa kwenye mbaazi. Susu hajakosa dawa.

Lala salama chini ya mukau wako, bado umesimama.

Mke wako anayejisifu,
Mama Mutheu