Kitanda Chako Bado Kimeshika Kitambaa

Wifi yangu Mama Masanja,

Shikamoo. Najua ungenichelewesha. Hukuwa ukimwitikia mtu sindano ikiwa katikati ya safari. Mpaka uzi upite, uukaze, ndipo useme marahaba kwa sauti ya mtu aliyesumbuliwa. Umri tulipishana kidogo tu, lakini shikamoo yangu uliidai bila huruma, kwa sababu nimeolewa na mdogo wako, na mke wa mdogo wako, ulisema, ni mdogo wako mara mbili. Basi shikamoo mara mbili. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimeliamua, na nataka nikuambie mwenyewe, hata kama Kagongwa nzima imekwisha kusikia.

Kitambaa sikitoi kitandani.

Unakumbuka tulivyoanza. Tulikuwa barazani kwangu tunadarizi mashuka ya bibi harusi, wakaja akina mama wa jumuiya, Mama Shija mbele yao kama kawaida yake. Kanisa jipya la kigango lingetabarukiwa, na wao walitaka kitambaa cha kutundika nyuma ya altare, kianzie karibu na dari kishuke mpaka chini. Bikira Maria asimame katikati, mkono huu pamba, mkono huu mpunga, na watu wa huku kwetu wawe miguuni pake. Na kisiwe cha mashine. Kiwe mshono wa msalaba, uzi juu ya uzi, kitambaa kizima. Nilikubali kabla hujafumbua mdomo. Ukaniangalia kana kwamba nimeuza ng'ombe wako. Walipoondoka ukaniuliza, haya mama wa makubaliano, hicho kitambaa kitashikwa na nini?

Hilo ndilo lilikuwa swali, na mimi sikuwa nimeliwaza hata kidogo. Tulikuwa na zile ringi za mbao za kubania ua moja la shuka. Tukabana kipande cha juu, mbingu, kwenye ringi, tukashona, tukaihamisha, tukabana tena. Baada ya muda mfupi mbingu yote ilikuwa na miduara, kama meza iliyowekewa sufuria za moto. Misalaba iliyokwisha ilibanwa ikalala chali. Tulifua, tukapiga pasi, tukaloweka usiku kucha, miduara ikabaki inatutazama. Mimi nikasema tutafute ringi kubwa zaidi. Wewe ukasema ringi kubwa ni kosa lilelile lililonenepa.

Halafu nikaja na akili yangu ya mabomba. Nilimwita fundi bomba akatuungia fremu ya mabomba ya plastiki, nyepesi, ya kupendeza, nikajisifu mpaka nikachoka. Tulipokifunga kitambaa humo na kuvuta kamba kikaze, mabomba yakapinda kuingia ndani, fremu ikawa na kiuno. Ulicheka ukakaa chini kwenye vumbi na gauni lako jipya la kitenge. Mpaka leo nikipita dukani kwa yule fundi naangalia pembeni.

Ulipomaliza kucheka ukajipangusa vumbi. Ukaenda zako nyumbani, na mimi nikadhani umekasirika, nikakufuata. Nikakukuta umelitupa godoro uani na unang'oa chaga za kitanda moja baada ya nyingine. Kile kitanda cha mninga! Alikinunua marehemu Baba Masanja alipopata mawe mazuri ya dhahabu kule machimboni Geita, akakileta juu ya lori la mahindi, mji mzima ukatoka kukitazama. Nikakuambia wifi, umepagawa, utalala wapi? Ukanijibu bila kuinua kichwa.

"Hiki kilitengenezwa kwa watu wawili. Wewe kaa huku, mimi nikae huku, kitafanya kazi yake."

Tangu siku hiyo ulilala na godoro chini, na kitanda kikahamia barazani kwangu, miguu juu ya matofali. Kitambaa tulikifunga kwa kamba za katani pande zote, kikakaza kama ngoma. Mti mmoja kichwani wa kuviringishia kilichokwisha, mti mmoja miguuni wa kufungulia kilichobaki. Mkono mmoja juu, mmoja chini, mimi ubavu wa huku, wewe ubavu wa kule, na kati yetu Bikira Maria anashuka polepole. Katikati ya kitanda ndipo mikono yetu ilipokutana, kwa maana hakuna anayeweza kufika ng'ambo akiwa amekaa. Mimi nikimaliza nusu yangu nilikungoja. Kitambaa hakiviringiki nusu.

Na ile siku ya Mama Shija unaikumbuka? Alikuja kusaidia kwa moyo mweupe, akaona kila ubavu una mtu, akavuta kigoda akakaa miguuni pa kitanda. Akashona mpunga mpaka jioni. Kesho yake jua lilipopiga, kile kipande chake kiling'aa peke yake, kama nguo iliyopigwa pasi kinyume. Rangi ileile, uzi uleule. Nilimlaumu mwenye duka la nyuzi, nilitaka kupanda basi nikamwambie uso kwa uso. Wewe ukaniomba njiti mbili za kiberiti. Ukazilaza msalaba juu ya ungo, ukanionyesha ile ya juu imeinamia wapi. Ukaniambia nisimame miguuni, alipokaa Mama Shija, na kweli ile njiti ya juu ikawa imeinamia upande mwingine kabisa. Mtu wa hapo akishona kwa mazoea yake, uzi wake wa juu unalala tulipolaza sisi wa chini. Nikasema sasa si basi tumekwisha, mbona hata mimi na wewe tumetazamana?

"Zunguka uje huku uone," ukasema.

Nikazunguka mpaka ubavuni kwako. Njiti ilikuwa imelala vilevile kama ilivyolala kwangu. Tukafumua mpunga wote wa Mama Shija, na tangu hapo ikawa sheria: mbavuni kaa, kichwani na miguuni usikae hata kama wewe ni askofu. Mama Shija hakufurahi, na nadhani hajaisahau.

Tulipofika kwenye watu wa miguuni, hukuniuliza. Upande wako, pembeni kabisa, ukaanza na uzi wa njano. Nikaona taa ya kichwani, ya wachimbaji. Chini ya taa ukaja uso. Nilijua ni nani, wifi. Baba Masanja. Duara, lile shimo la mgodi, liliporomoka naye ndani na hakutolewa. Wachimbaji wenzake walichimba mpaka wakaambiwa waache. Ulirudi nyumbani Ushirombo kwenye matanga yasiyo na kaburi, ukakaa mkekani, na watu wakawa hawajui wakupe pole ya namna gani. Kwenye kitambaa ulifika mabegani pake. Ukasema kifua kinakubana, ukaomba maji. Hukurudi tena kwenye kigoda chako.

Tulikuzika Ushirombo, mvua za kwanza zikiwa zimeanza. Niliporudi nilikaa ubavuni kwangu nikashona kwa hasira. Nilimaliza akina mama wenye majembe, nikamaliza ng'ombe, nikafika kwenye ule mti wa miguuni. Nusu yangu ikaisha. Nusu yako ikabaki nyeupe kuanzia mabega ya shemeji kushuka chini. Kila asubuhi nilifagia baraza, nikazunguka kigoda chako bila kukigusa, nikasema nitaanza kesho. Tangazo la kutabaruku likasomwa kanisani. Mimi bado nafagia.

Kisha tukaanua matanga, wazee wakagawa vitu vyako. Kitanda kikaenda kwa mwanao Masanja. Ni haki yake. Anaoa baada ya mavuno, na ni kitanda cha baba yake na mama yake, nani atambishia? Mama Shija akasimama akasema jambo ni rahisi: kitambaa kitolewe, kikatwe vipande, kila mama wa jumuiya achukue chake nyumbani na ringi yake, halafu viungwe. Tena kwa haraka hiyo, akasema, yule mtu wa miguuni mwenye taa aachwe, maana nani anamjua. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nikasimama nimjibu, nikaishia kujifunga kanga upya, nikakaa. Ndiyo, mimi, mdomo wangu wote huo.

Siku chache baadaye Masanja akaja na guta la mizigo na kamba. Nikasimama mbele ya kitanda nikamwambia hakitoki. Akanisalimia kwanza, shikamoo mama, umemlea vizuri. Akasema kwa upole kwamba ni kitanda cha baba. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, sikuwa nimejiandaa kwa upole. Nikasogea pembeni.

Akainama afungue fundo la kwanza, upande wako. Pale pale penye uso. Mkono wake ukasimama. Aliangalia ile taa muda mrefu, akapitisha kidole chini ya mabega, kwenye weupe.

"Huyu ni baba?"

Nikasema ndiye.

"Mbona hana miguu?"

Nikamwambia mama yako alifikia hapo. Akaliacha fundo. Akavuta kigoda chako, akakaa, mtoto wako yule mrefu, magoti yamefika kidevuni, akawa anautazama ule weupe. Mwenye guta akapiga honi barabarani.

"Mpe miguu, mama," akasema. "Atoke."

Nililia, wifi. Sikuwa nimelia hivyo hata Ushirombo, kule nilikuwa na kazi ya kupika. Masanja akarudisha lile fundo akalikaza kuliko lilivyokuwa. Akasema atakuja kukichukua wakati wa mavuno, na kama hakijaisha yeye na mkewe wataanza na godoro chini, kama mama alivyofanya. Nikamwambia kitakwisha. Nikamwambia na bibi harusi wake atakikuta kikiwa na alama za kamba kwenye mbao, asije akazipiga msasa.

Jumapili iliyofuata nilisimama baada ya misa nikamjibu Mama Shija mbele ya watu. Nilisema hakuna ringi itakayogusa kitambaa kile, hakuna mkasi, na yule mwenye taa haachwi. Anayetaka kumjua aje barazani kwangu nimwambie jina lake, jina la mkewe na jina la mwanawe. Nikasema pia kwamba natafuta mtu mmoja wa kukaa ubavu wa pili baada ya pembe ya mwenye taa kwisha na kitambaa kuviringishwa. Unajua nani alikuja jioni? Alikuja Mama Shija, amebeba kigoda chake mwenyewe, akauliza aketi wapi ili asiharibu. Nimempa upande wangu; mpaka kitambaa kiviringike, ananitilia uzi kwenye sindano. Anashona vizuri, tuwe wakweli, ila anaongea.

Upande wako nimekaa mimi. Siku ya kwanza nilisimama pale kama mgeni asiyekaribishwa, nikaogopa mkono wangu utaonekana, kwamba watu wataona mahali ulipoishia na mimi nilipoanzia. Nikashona msalaba mmoja chini ya bega lake. Nikashona mwingine. Nikarudi nyuma nikatazama jua likipiga, na sikuweza kusema upi ni wako.

Uliniambia nizunguke nije huku nione. Nimezunguka. Leo nimemaliza magoti, kesho naanza viatu.

Wifi yako mdogo mara mbili,
Mama Doto